Ghorofa nne Chumbageni: tutajuaje tuko tayari kwa BIM?

Mkadiriaji_Tanga: Wakuu, mshitiri anataka BIM, yaani jengo liandaliwe kama modeli ya kompyuta yenye taarifa zake. Tukague nini kabla ya kununua programu?

Nguzo_na_Boriti: Mkuu, kompyuta ziache kwanza. Muulize mshitiri modeli ataitumia kwa kazi gani: kukokotoa zege, kunasa bomba linalopita katikati ya boriti, au kutunza jengo baadaye? ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM, inataka mahitaji hayo yaandikwe mapema. Yasipoandikwa, kila mmoja atachora anavyojua.

Raskazone: Naunga mkono. Halafu fanyeni jaribio: msanifu, mhandisi wa miundo na wa umeme kila mmoja atoe ghorofa ileile moja kwa faili la IFC (aina ya faili inayosomwa na programu tofauti za BIM), mziunganishe. Modeli zao zikikaa mbalimbali badala ya kulaliana, hawatumii nukta moja ya kuanzia. Kubalianeni, mfano makutano ya mhimili A na 1 (mistari ya gridi kwenye mchoro), usawa wa sakafu ya chini uwe 0.000. Hapa ndipo timu nyingi hukwama, si kwenye programu!

Mkadiriaji_Tanga: Na saiti?

Nguzo_na_Boriti: Foromani awe na tableti, modeli ipakuliwe asubuhi kabla mtandao haujasumbua. Mteueni mtu mmoja wa kuidhinisha toleo jipya; bila yeye, fundi nondo atakata chuma kwa mchoro uliokwisha badilishwa.

Mkadiriaji_Tanga: Shukrani wakuu, naanza na mshitiri.