Msaada tafadhali: ofisi imeninyima rilizi na inanidai dola 887

Mama Imani, Fort Worth. Jumanne usiku

Ndugu zangu, salaam. Wazee shikamooni. Naomba wenye uzoefu na bima ya mazishi hapa Marekani wanisaidie, maana tangu jana chakula hakipiti.

Leseni yangu ilitoka mwezi wa tatu. Mtihani nilifaulu mara ya pili, alama za vidole nikapiga, NPN (namba ya wakala) ikaja, bima ya makosa ya kazi (E&O) nikalipia mwenyewe. Nikaingia mkataba na ofisi moja ya mawakala, jina silitaji. Ngazi yangu ya kamisheni asilimia 70, advansi ya miezi tisa, yaani kamisheni ya miezi tisa wanailipa mapema. Hadi sasa nimeuza bima tisa, na zote ni kwa watu wetu: kanisani, kwenye chama chetu cha kina mama, na wazee wawili wa Kikongo niliopelekwa na mchungaji.

Bima tatu zimekatika. Ya kwanza ni ya bibi mmoja, benki imerudisha malipo mara mbili. Wa pili alihamia Iowa na simu hapokei. Wa tatu mwanawe alimwambia aache. Jana ofisi imenitumia barua pepe: chajibaki (kamisheni ninayotakiwa kurudisha) ya dola 887.60, nilipe ndani ya siku kumi. Nikaomba rilizi, yaani kibali cha kuniachia, nihamie ofisi nyingine, wakajibu hawatoi rilizi kwa mwenye deni.

Maswali yangu ni mawili tu. Wana haki ya kunizuia? Na siku kumi zikipita, watanifanya nini?

Juma, Houston. Jumanne usiku

Dada, pole sana. Lakini tupige hesabu kwanza kabla ya kuwalaumu. Tuseme bima moja ni dola 62 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 744. Asilimia 70 yake ni 520.80, maana yake 43.40 kwa kila mwezi ambao mteja analipa. Wao walikupa ya miezi tisa siku ileile, 390.60. Mteja akilipa miezi miwili akakatika, ulichochuma ni 86.80. Hiyo 303.80 iliyobaki ulikuwa umekopeshwa.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitumia kila advansi iliyoingia. Nilinunua matairi, nikatuma Muheza bati za nyumba ya mama. Mwezi wa sita likaja deni la dola 2,300 na sina hata 300. Nilipakua mizigo ghalani usiku mwaka mzima kulilipa. Tangu hapo sichukui advansi. Nalipwa mwezi kwa mwezi kadiri mteja anavyolipa, na nalala usingizi.

Sasa nijibu wewe: tarehe ya kukatwa benki uliwaandikia ngapi?

Mama Imani

Tarehe 1, wote. Ndivyo tulivyofundishwa.

Juma, Houston

Hapo ndipo ulipoumia. SSA, ofisi ya serikali ya pensheni, haiweki pesa tarehe 1. Aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 10 hulipwa Jumatano ya pili ya mwezi, 11 hadi 20 Jumatano ya tatu, 21 hadi 31 Jumatano ya nne. Wazee wetu wengi waliotoka kambini wameandikiwa 1 Januari, kwa hiyo Jumatano ya pili. Ukikata tarehe 1 unakuta akaunti imeshakauka, benki inamtoza faini na bima inakufa. Mzee mwenye pensheni mwandikie Jumatano yake. Ukifanya hivyo, nusu ya chajibaki utazisikia kwa wenzako tu.

Baba Njeri, Minneapolis. Jumatano asubuhi

Juma, ndugu yangu, unampotosha huyu mama. Hizo Jumatano ni za watu wenye pensheni ya SSA, waliofanya kazi hapa wakafikisha krediti 40. Mzee aliyeletwa na UNHCR akiwa na miaka 68 krediti hizo atazitoa wapi? Huyo anapokea SSI, ile ruzuku ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, na SSI huingia tarehe 1, na tarehe 1 ikiangukia wikendi hutangulizwa. Tena walioanza kulipwa kabla ya Mei 1997, na wanaopata vyote viwili, pensheni yao ni tarehe 3. Mtu asiwe anaandika sheria kwa kukumbuka kumbuka, watu hapa wanafuata tunayosema.

Na kuna jambo zito zaidi. Mama Imani, uliwauliza kama wanapokea SSI kabla ya kuwauzia? Mtu wa SSI haruhusiwi kuwa na mali inayopita dola 2,000. Bima ya maisha ya kudumu, kama hizi za mazishi, ambayo kiasi chake cha kulipwa mtu akifa kinapita dola 1,500 kwa jumla, ile thamani ya fedha inayojikusanya ndani yake huhesabiwa kama mali. Mwanzoni ni senti tu, lakini miaka inavyokwenda inakua, na siku moja barua inakuja kwamba mzee amelipwa zaidi na anatakiwa arudishe. Nadhani yule kijana aliyemwambia mzazi wake aache aliambiwa hivyo na mtu wa huduma za jamii. Usimkasirikie.

Mimi niliacha kazi hii 2022. Huku Minnesota tunasoma kozi ya saa 20 kabla ya mtihani, si kama Texas, na katika saa 20 hizo sikumbuki mwalimu akitaja SSI hata mara moja. Ofisi yangu iliniuzia lidi, dola 40 kila moja, kadi ambazo wazee wamejaza na kurudisha kwa posta. Nafika mlangoni, mzee ananiambia wewe ni wa nne wiki hii.

Mama Imani

Baba Njeri, sikuwauliza. Fomu haikuwa na swali hilo na mimi sikujua. Naumia kusoma hivi.

Yule bibi nimefikiria nimlipie mwenyewe miezi ile miwili ili bima isimame, kisha atanirudishia taratibu. Inafaa?

Baba Njeri, Minneapolis

Usithubutu! Wakala kumlipia mteja premiamu (malipo yake ya bima) ni kosa katika majimbo mengi, na leseni inaweza kwenda. Hata kumpa mteja sehemu ya kamisheni ni hivyohivyo. Najua kwetu ni ubinadamu wa kawaida. Hapa hawalioni hivyo.

Mzee Bahati, Dayton. Jumatano jioni

Asanti kwa wote. Mimi si wakala. Niliingia kundi hili juu ya kutafuta habari za shule, lakini hii nimesoma mara tatu.

Mama yangu aliuziwa bima ya dola 10,000. Wakala alikuwa mtu wetu, anaongea Kiswahili kizuri, alikuja nyumbani akakula pamoja nasi. Maswali ya afya yalijibiwa na mtoto wangu wa miaka 13, ndiye alijua Kiingereza. Wakala alisema bima inaanza siku ya kwanza. Mama alikufa mwezi wa kumi na nne. Kampuni ilirudisha pesa tulizolipa na kuongeza asilimia kumi. Kumbe ilikuwa ile bima ya kungoja miaka miwili, imeandikwa ukurasa wa tatu. Tulipata chini ya dola elfu moja. Nyumba ya mazishi ilitaka elfu saba na mia nne.

Kanisa lilichanga. Watu wa kambi ya Nyarugusu walio Texas, Kentucky, Arizona, wote walituma, wengine dola tano. Tulizika siku ya kumi na mbili. Kwetu Uvira, mama angelala kwenye nyumba yake usiku huo huo, wanawake wangeimba mpaka asubuhi, na kilio kingekaa siku nyingi watu wakilala chini kwenye mkeka. Huku tulipewa muda wa saa mbili tu. Mwenye ofisi alikuwa anaangalia saa ya ukutani, kulikuwa na familia ingine inangoja nje.

Mama Imani, mimi sikulaumu. Nakuomba jambo moja. Ukienda kwa mzee, usimtumie mtoto kutafsiri. Soma wewe kwa kinywa chako: bima hii inalipa lini, hailipi lini. Kama ni ya kungoja, sema ni ya kungoja.

Mama Salma, Silver Spring. Alhamisi

Mzee Bahati, Mungu amrehemu mama. Umenitoa machozi nikiwa kwenye treni.

Nami niongeze upande wetu. Waislamu wengi hapa hawakati bima hizi kwa sababu ya riba na ile hali ya kutojulikana, kwa hiyo wakala asimsumbue mtu anayesema dini yangu hainiruhusu. Msikiti wetu una mfuko wa mazishi, maiti haikai. Shida inakuja pale familia inapotaka mtu apelekwe nyumbani. Mwaka jana tulimsafirisha kaka yetu hadi Tanga. Cheti cha kifo, cheti cha kutia dawa, barua ya kwamba hakufa na ugonjwa wa kuambukiza, kibali cha kusafirisha, jeneza la kufungwa kwa bati ndani, barua ya ubalozi, pasipoti yake. Hiyo pasipoti ndiyo iliyotuchelewesha siku tatu, kwa kuwa marehemu alishachukua uraia wa hapa, kwa hiyo kwao Tanzania ni mgeni. Mtu kazaliwa Ngamiani, kakulia Ngamiani, anarudi kuzikwa kama mgeni. Uraia pacha tumeuomba miaka mingapi? Tunaambiwa hadhi maalum. Hadhi maalum si uraia.

Baba Njeri, Minneapolis

Sisi Wakenya tulipata uraia pacha kwa katiba ya 2010. Mngepiga kelele mapema.

Mama Salma, Silver Spring

Tulipiga na tunapiga, Baba Njeri. Usituambie kana kwamba tumelala.

Deo, Lubbock. Alhamisi usiku

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, viza ya F-1, mwaka wa tatu. Nimeona tangazo la hii kazi, wanasema unaanza hata bila uzoefu na unajipangia muda. Naweza kuanza wikendi?

Juma, Houston

Marahaba. Hapana, mdogo wangu. Wakala analipwa kwa fomu ya kodi 1099, maana yake umejiajiri, na F-1 hairuhusu hilo nje ya chuo. Wakikukuta umepoteza hadhi yako ya uanafunzi kwa ajili ya dola 300. Maliza shule.

Na mliokwisha kuanza, 1099 haikatwi kodi mapema. Kuna asilimia 15.3 ya kujiajiri juu ya kodi ya kawaida, na IRS, watu wa kodi, wanataka ulipe mara nne kwa mwaka. Kila kamisheni ikiingia tenga robo usiiguse. Mileji za gari andika kila siku kwenye daftari, usingoje Aprili.

Baba Njeri, ya SSI nimekubali. Nilikosea.

Mzee Bahati, Dayton. Ijumaa asubuhi

Juu ya SSI, watu wajue pia: mkimbizi anapewa miaka saba tu. Ikiisha na bado hajawa raia, wanakata. Mama mukubwa wangu walimkata hivyo. Kuna fomu N-648 ya daktari kwa mzee asiyeweza kujifunza Kiingereza kwa sababu ya ugonjwa, inakwenda pamoja na N-400, fomu ya kuomba uraia. Msingoje mwaka wa saba.

Mama Imani, Fort Worth. Jumapili usiku

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Ujumbe wa Mzee Bahati wa Ijumaa ulinifanya niwashe gari nikaenda kwa yule bibi leo baada ya ibada.

Nimemkuta jikoni anapika sombe (kisamvu), ile ya barafu ya dukani, anasema haina harufu. Nikamuuliza kuhusu benki. Akainuka, akaleta Biblia yake yenye mfuko wa zipu, ndani ana barua zote alizowahi kupokea tangu afike, zimekunjwa mara nne. Nyingi hazijafunguliwa. Wajukuu wako kazini kiwanda cha kuku kuanzia saa kumi alfajiri, hakuna wa kumsomea. Nikafungua moja baada ya nyingine mezani pake. Ya mwezi wa sita ilikuwa inasema alifika Juni 2018, miaka saba imetimia, SSI inakoma Julai.

Alikuwa amelipa Mei na Juni. Mimi nilidhani amebadili mawazo. Nilimpigia mara mbili nikamkumbusha premiamu, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Nimemwambia bima aiache kwanza. Dola 62 hana. Nimepiga picha zile barua, kesho nampeleka kwenye ofisi ya kanisa wanaosaidia N-400, na Jumanne kwa daktari kuuliza ile N-648. Mzee Bahati, naomba nikupigie, unieleze mama yako mkubwa alipitia wapi. Wale wateja sita waliobaki nawatembelea wote wiki hii, nina swali la SSI la kuwauliza, na tarehe za benki nazibadilisha.

Siku kumi zinaisha Alhamisi. Nina dola 410. Kuhusu rilizi bado sijajua kama wana haki ya kunizuia, anayejua tafadhali aniandikie.

Juma, Houston

Dada, nijuavyo kampuni nyingi zinakuruhusu kuhama bila rilizi ukikaa miezi sita bila kuwauzia kitu, lakini inategemea mkataba wako. Kipengele cha kuachana kimeandikwaje? Kitume.

Mama Imani

Mkataba niliusaini kwenye simu. Natafuta nakala.