Injini hii ni DKW RT 125 au BSA Bantam? Spea zinaingiliana?

Mdau_Kasarani:
Wadau, salaam. Nimeuziwa injini ya pikipiki ya zamani, tu-stroki, sisi 123, nikaambiwa ni DKW RT 125 ya Mjerumani. Pedali ya gia na kiki zote ziko kulia. Spana ya 13 inakataa kuingia kwenye nati kadhaa, ya 14 inateleza. Je, ni ya Mjerumani kweli? Nikiagiza pistoni na bolti za DKW, zitakaa?

Fundi_wa_Kariobangi:
Mkuu, usiagize chochote kwanza. Kwa dalili hizo, hiyo ni BSA Bantam D1 ya Mwingereza. RT 125 ina gia na kiki upande wa kushoto. BSA walichukua mchoro wa Mjerumani wakaugeuza kama picha ya kwenye kioo, ili gia ije kulia walikozoea Waingereza.

Nati zinathibitisha. Nati ya Whitworth (kipimo cha zamani cha Mwingereza, cha inchi) ya bolti ya robo inchi ina upana wa milimita 13.3 hivi, ndiyo maana 13 inagoma na 14 inacheza. Tafuta spana za Whitworth, usilazimishe kwa koleo. Na bolti ya milimita 8 usiijaribu kabisa kwenye tundu la inchi 5/16. Itashika mizunguko miwili mitatu, halafu meno ya alumini yakatike yote, kwa sababu meno ya Mwingereza hapo mara nyingi ni 26 kwa inchi, na ya milimita 8 ni kama 20.

Pistoni zote mbili ni kipenyo milimita 52, mwendo milimita 58. Hilo lisikudanganye. Pima kipenyo cha pini, kimo kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni, na mahali vilipo vijiti vya kuzuia ringi zisizunguke. Ncha za ringi zikiangukia kwenye dirisha la silinda (tundu la kupitisha gesi), ringi inanasa na kuvunjika.

Mzee_wa_Tustroki:
Aliyekuuzia hakukosea asili yake. RT 125 ilitoka Zschopau, Saxony, mwaka 1939, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Uzuri wake uko kwenye silinda: mchanganyiko mpya unaingia kwa pembe, unazunguka na kusukuma moshi nje, mbinu ya Adolf Schnürle. Pistoni haihitaji tena nundu juu, hivyo ni nyepesi na haipati joto kupita kiasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia michoro ikawa fidia ya washindi. Wasovieti wakatoa M1A Moskva, BSA wakatoa Bantam 1948, Harley-Davidson nao wakatoa yao ya sisi 125. Yamaha walifuata muundo huohuo kwa YA-1 mwaka 1955, pikipiki yao ya kwanza. Zschopau yenyewe iliendelea, baadaye kwa jina la MZ. Kwangu mimi, hakuna injini ndogo iliyozaa watoto wengi hivyo.

Mdau_Kasarani:
Asanteni sana wakuu. Kabla ya kuiwasha nibadilishe nini?

Fundi_wa_Kariobangi:
Oili sili za krenki, kabla ya kitu kingine. Mpira wa miaka hiyo umekauka. Sili ya upande wa magineto ikivuja inavuta hewa: ukiachia eksileta injini bado inalia juu, mchanganyiko unakosa petroli, pistoni inashika. Ya upande wa klachi ikivuja, inanyonya oili ya giaboksi. Utaona moshi mzito na oili inapungua bila kudondoka chini.

Pointi (platini za kukata umeme wa plagi) weka mwanya wa inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Oili ya tu-stroki, mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Usipunguze, bushi ya shaba ya pini inategemea hiyo. Na kwa mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi, kwa hiyo plagi ikitoka nyeusi yenye masizi, shusha sindano ya kabureta ngazi moja. Ikitoka nyeupe, irudishe upesi.