Tozo ya marekebisho ya fremu katika majengo mapya: mpangaji analipia nini hasa?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili kifungu kinachowasumbua wapangaji wa majengo mapya ya biashara hapa Dar es Salaam. Mpangaji anakabidhiwa fremu ikiwa na kuta za saruji, sakafu isiyo na vigae, nyaya zinazoning'inia na mlango wa chuma. Akitaka kuweka dari ya jipsamu, kugawa chumba kwa kioo na aluminiamu, kuongeza soketi au kufunga kiyoyozi, gharama ni zake, na hilo halina ubishi. Ubishi unaanza anapoambiwa kwamba, juu ya gharama hizo na juu ya kodi ya pango, amlipe mwenye jengo tozo ya marekebisho, tena kwa asilimia ya thamani ya kazi yenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba tozo inayolipia kazi iliyofanywa na mwenye jengo ni halali na ilipwe, lakini tozo inayolipia ruhusa peke yake haina msingi.

Chukueni mfano wa famasi. Mwenye famasi anapogawa chumba, kuweka sinki na kufunga kiyoyozi, hafanyi hivyo kwa kupenda mapambo, kwa sababu Baraza la Famasi halisajili jengo lisilokidhi masharti yake. Tuseme fremu yake ina mita za mraba 60 na kodi ni shilingi 25,000 kwa mita kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,500,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 1,770,000. Mafundi wakimaliza kazi kwa shilingi 12,000,000, tozo ya asilimia 15 ni shilingi 1,800,000, yaani kodi ya mwezi mzima na zaidi, ilhali mwenye jengo hakununua hata mfuko mmoja wa saruji. Siku mpangaji akihama, dari na vigae vinabaki, na dalali anaitangaza fremu ileile kuwa imekamilika na kwa hiyo kodi yake imepanda. Mtu mmoja amegharamia kupandisha thamani ya mali ya mwenzake, kisha ametozwa kwa kuipandisha.

Najua watakaosema kwamba hili si jipya, kwa kuwa Kariakoo tumeishi na kilemba miaka mingi. Ni kweli, ila kilemba, pamoja na ubaya wake wote, kila mtu anajua ni pesa ya kuingilia na hakuna anayekiita gharama ya uhandisi.

Hoja nzito ya wenye majengo ni usalama, nami siidharau. Baada ya jengo kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na watu kupoteza maisha, hakuna mwenye akili atakayemlaumu mwenye jengo anayekataza nguzo zake kuguswa. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inaipinga tozo badala ya kuitetea, kwa sababu jambo la hatari halipaswi kuwa na bei. Ukuta ukiwa unabeba ghorofa ya juu, jibu ni hapana, hata mpangaji akija na milioni 50. Na ukiwa haubebi kitu, kinachotakiwa ni mhandisi aliyesajiliwa aukague, alipwe kwa ankara yake, na kazi iendelee kwa kibali cha halmashauri pale kinapohitajika. Asilimia ya thamani haipimi hatari hata kidogo: kioo cha mamilioni hakilisumbui jengo, ilhali tundu la bomba lililotobolewa kwenye boriti na fundi wa shilingi elfu hamsini linaweza kuleta maafa.

Kisheria, mpangaji hana pa kukimbilia zaidi ya mkataba wake. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatoa masharti ya jumla kwa pande zote mbili bila kupanga bei ya ruhusa ya kuweka dari. Basi kifungu kisomwe kabla ya kusaini, na anayetozwa adai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi ya serikali. Na kama tozo hiyo imetajwa kwa dola, akumbuke kwamba kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mchangiaji, msimamizi wa jengo

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri siku ya mpangaji kuingia, lakini siku ya kutoka umeipita haraka. Si kila anayehama anaacha dari nzuri. Mwenye saluni huacha mabomba yaliyokatwa na vigae vya rangi ambayo mwenye duka la simu hataitaka, nami nalipa mafundi wa kubomoa na gari la kuzoa kifusi. Wakati wa kazi, fundi anachanganya zege kwenye korido na kuosha ndoo zake chooni, bomba linaziba, na wapangaji wa ghorofa ya chini wanakuja ofisini kwangu, si kwake. Mlinzi wa zamu ya usiku nani amlipe?

Unaweza kusema nichukue amana. Nimechukua. Ikibaki miezi miwili mkataba uishe, mpangaji anaacha kulipa kodi na kuniambia nikate kwenye amana, hivyo anapoondoka sina kodi wala pesa ya kubomolea. Hata umeme una hesabu yake: jengo letu lilipangiwa transfoma ya ofisi zenye kompyuta na taa, sasa anakuja mwenye mgahawa na majiko ya umeme. Asilimia si kipimo kizuri, nakubali, ila ni rahisi kuikokotoa kuliko kubishana juu ya kila tundu.

Mleta mada

Nakushukuru, ndugu, kwa kuwa umetaja vitu vyenye ankara. Mlinzi wa usiku, usafi wa korido na kuzibua bomba vina bei inayojulikana. Viandikwe kwa shilingi kwa kila siku ya kazi na mpangaji alipe bila kinyongo. Urahisi wa kukokotoa, hata hivyo, ni faida ya anayepokea peke yake.

Kuhusu amana, tabia uliyoieleza ipo na si ya haki. Dawa yake ni amana mbili katika mkataba, moja ya kodi na nyingine ya marekebisho, na hii ya pili ikadiriwe kwa gharama ya kubomoa. Kubomoa dari ya milioni nne si kazi ya milioni nne, na mwenye jengo akiamua kuibakiza dari hiyo, amana irudi yote.

Linalobaki gumu kwangu ni transfoma. Wapangaji wawili wa kwanza wanaweza kutumia nafasi yote ya umeme bila kulipa chochote cha ziada, halafu wa tatu akaambiwa anunue transfoma kubwa zaidi, ambayo hataondoka nayo. Mimi naona ni ya mwenye jengo, arejeshe gharama yake polepole kupitia kodi ya wote, lakini mwenye duka la nguo anayewasha taa nne atauliza kwa nini achangie majiko ya jirani. Waliowahi kugawana gharama hiyo kwa kilowati, mlikubaliana vipi, na nani alibaki na deni pale mmoja alipohama?