Naomba ushauri: kuiongoza sinthesaiza ya moduli kwa laptop, mfuko mdogo

KanuniNgambo: Assalaam alaykum wataalamu. Niko Unguja, napiga kanuni kwenye kikundi cha taarab. Jamaa yangu aliyerudi Ujerumani kaniachia sinthesaiza ndogo ya moduli, zile za Eurorack, vipande vinavyofungwa kwenye raki na kuunganishwa kwa waya, nami nataka niiongoze kwa laptop. Kwamba oktava moja ni volti 1 nimeshaelewa. Tatizo, nikitoa volti kwenye tundu la hedifoni, sauti inapanda kidogo kisha inarudi ilikotoka. Kadi za sauti zinazoweza kushikilia volti zipo, lakini kwa bei ile bora ninunue vespa. Naweza kujitengenezea? Lehemu naijua, nimekulia kwa fundi redio. Na pia nataka nipige Rast, ile maqamu ya Kiarabu yenye robo toni, si nota za piano tu.

FundiWete: Waalaykum salaam yakhe. Laptop yako nzima. Kwenye tundu la hedifoni mna kapasita, inapitisha mawimbi na kuzuia volti iliyosimama.

Tafuta Pro Micro ya volti 5, kibao kidogo cha aina ya Arduino chenye chipu ya ATmega32U4, na chipu ya MCP4822 inayogeuza namba kuwa volti. Pro Micro ukiichomeka USB kompyuta inaiona kama chombo cha MIDI, yaani lugha ya kupelekeana nota. Arduino Uno mpaka uizungukezungukie. MCP4822 ina njia mbili za biti 12, yaani hatua 4096, kila hatua milivolti 1. Nusu toni ni milivolti 83.3. Oktava nne unazo, na nafasi inabaki.

KijanaBububu: Chipu ya nini? Toa PWM, yaani mapigo ya kuwasha na kuzima haraka, kwenye pini, weka rezista na kapasita, umemaliza. Gharama ya chai na andazi.

FundiWete: Kwa kupunguza mwanga wa taa, sawa. Kwa nota, kichujio kikilegea sauti inatetemeka, ukikikaza nota inafika kwa kuteleza. Chagua msiba.

KanuniNgambo: 😂 Na Rast je?

BiSaketi: Hapo ndipo kujitengenezea kunapokulipa, mwanangu. MIDI inahesabu nota 12 kwa oktava, lakini chipu haijui nota, inajua volti tu. Nota ya tatu ya Rast iko nusu toni tatu na nusu juu ya msingi: milivolti 292 hivi. Ya saba ni 875. Andika jedwali lako ndani ya programu. Ila acha kila nota irekebishike kwa sikio, maana wapigaji wetu hawaikati robo toni kwa rula.

Sasa kuna mtego. Chipu usiitoe nje moja kwa moja, ipitishe kwenye opampu (chipu ya kikuza volti), TL072 inatosha, itumie umeme wa raki, volti 12 chanya na hasi. Wengi humalizia na rezista ya kilo-omu 1 ya kinga. Moduli nazo kwa kawaida hupokea kwa kilo-omu 100. Rezista hizo mbili zinagawana volti, unapoteza kama asilimia 1, na asilimia 1 ya oktava ni senti 12 za sauti (nusu toni ni senti 100). Ukifika oktava ya nne umeshuka karibu robo toni, na Rast hiyo hukuiomba!

Dawa yake: waya wa marejesho wa opampu, ule unaoirudishia volti iliyoitoa ili ijirekebishe, uuchukue baada ya ile rezista, si kabla. Opampu itafidia yenyewe.

KijanaBububu: Haya Bi, hilo la marejesho nalichukua na mimi.

KanuniNgambo: Shukran sana Bi. Na geti, ile volti ya kuwasha na kuzima nota?

FundiWete: Volti 5 ya pini, rezista ya kilo-omu 1, basi. Geti ni ndiyo au hapana, haidai usahihi. Ardhi ya USB na ya raki uziunganishe. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptop kwanza kabla hujaanza kufungua saketi.

BiSaketi: Ukimaliza pima kwa mita volti 1, 2 na 3, lakini waya uwe umechomekwa kwenye moduli. Ukipima waya mtupu mita itakuonesha 3.00 safi hata kama marejesho umeyafunga siko. Ukichomeka ikasoma 2.97, rudi kwenye ile rezista.