Jeni za ukoo, mazingira, na mipaka ya kairopraktiki

Mwenye swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Baba yangu alifanyiwa upasuaji wa diski ya kiuno, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili, kabla hajatimiza miaka 50, shangazi yangu hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu, nami nina miaka 27 na kila asubuhi naamka mgongo umekaza. Tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, anayenihudumia ameniambia nisiuogope urithi, kwa sababu mazingira ndiyo yanayoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, na kwamba kunyooshwa pingili mara kwa mara ni sehemu ya mazingira hayo, kwani neva zikiwa huru, jeni nazo hufanya kazi ipasavyo. Maneno ya mwanzo yananipa matumaini, lakini hayo ya mwisho yananitatiza, hasa kwa kuwa ameniomba nilipie mapema huduma ya mwaka mzima. Je, ukweli wa jambo hili ni upi?

Mwalimu wa Baiolojia

Ndugu yangu, uliyoambiwa mwanzo yana ukweli, ila ni nusu ya maelezo. Mtoto mwenye fenilketonuria amerithi jeni zenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo mwili wake hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, ambayo ni asidi ya amino iliyomo katika vyakula vya protini. Akiachwa ale kama wenzake ubongo wake hudhurika, ilhali akigunduliwa mapema na kupewa mlo maalumu hukua vizuri. Jeni zake hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mazingira. Kwa upande mwingine, hakuna mlo wala mazoezi yanayomkinga aliyerithi hitilafu kamili ya ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole. Matatizo mengi ya mgongo yako mahali fulani kati ya hayo mawili.

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa jozi 115 za mapacha wanaume wanaofanana nchini Finland. Katika sehemu ya juu ya kiuno, uzito wa kazi walizozifanya ulieleza takriban asilimia 7 tu ya tofauti za uchakavu wa diski. Umri na undugu wao vilipoongezwa, kiwango kilifika asilimia 77. Katika sehemu ya chini ya kiuno kiwango hicho kilikuwa asilimia 43. Undugu hapo unajumuisha jeni pamoja na malezi ya utotoni, kwa hiyo tusizibebeshe jeni mzigo wote. Tena uchakavu wa diski na maumivu ni mambo mawili tofauti: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yalikadiria kwamba, miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Ama kuhusu epijenetiki, yaani elimu ya jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila zenyewe kubadilika, ni kweli kwamba vikundi vya methili, ambavyo ni alama ndogo za kikemikali, hujishikiza kwenye DNA na mara nyingi hupunguza utendaji wa jeni, na kwamba mazingira yanaweza kuacha alama za muda mrefu. Watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walikutwa na methili pungufu kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, miongo sita baadaye. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba msukumo wa mkono kwenye pingili huamsha jeni za afya ni kutaka kuvuka mto mpana pasipo daraja.

Tabibu wa kairopraktiki

Mimi nafanya kazi hii, ingawa si mimi ninayekuhudumia, na naumia ninapoona elimu ya jeni ikigeuzwa chambo cha kuuzia mikataba. D. D. Palmer, aliyeanzisha fani yetu mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, aliamini kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili zilizohama mahali pake. Imani hiyo haikuthibitika, nasi hatuna haki ya kuivika vazi jipya la epijenetiki. Tunachoweza kukitetea ni kidogo zaidi: kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono hupunguza kwa kiasi maumivu ya kiuno, na mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, wa mwaka 2017 uliitaja tiba hiyo miongoni mwa zile zisizotumia dawa. Mazoezi, usingizi, uzito wa mwili na kuacha sigara ndiyo mazingira ya kweli ya mgongo, na hayo hayahitaji mikono yangu kila wiki.

Urithi una kazi nyingine ambayo wenzangu huizungumzia mara chache mno, nayo ni kutuonya ni nani tusimnyooshe kwa nguvu. Wenye magonjwa ya kurithi ya Ehlers-Danlos au Marfan wana tishu unganishi dhaifu, na baadhi yao mishipa yao ya damu huchanika kwa urahisi. Wenye sindromu ya Down wanaweza kuwa na kano legevu kati ya pingili mbili za kwanza za shingo. Kwa hiyo maswali kuhusu ukoo hutangulia. Naomba unijibu: huko kukaza kwa asubuhi hudumu muda gani, hupungua ukitembea au ukipumzika, na je, kuna mtu katika ukoo anayesumbuliwa na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi yenye magamba, au na jicho jekundu lenye maumivu linalojirudia?

Mwenye swali

Ahsante sana, daktari. Hudumu zaidi ya saa moja, hupungua nikitembea na huzidi nikilala, hata huniamsha alfajiri. Shangazi ametibiwa jicho la namna hiyo mara kadhaa, ingawa hatukuwahi kulihusisha na mgongo. Sikuwahi kuulizwa maswali haya.

Tabibu wa kairopraktiki

Basi simamisha kunyooshwa kwa sasa, umwone daktari wa magonjwa ya maungio. Kukaza kwa namna hiyo kunakoanza kabla ya miaka 45 na kudumu zaidi ya miezi mitatu hutufanya tufikirie spondilitisi ya kukakamaa, ugonjwa wa uvimbe katika maungio ya uti wa mgongo na nyonga. Huenda akapima jeni ya HLA-B27, inayohusishwa na ugonjwa huo, na kuagiza picha. Ukikutwa na jeni hiyo usidhani umekwisha kuugua, kwani walio wengi wenye nayo hawaugui kamwe. Na ukikosa kuwa nayo, ugonjwa bado unaweza kuwapo. Ukithibitika, mazoezi ya kila siku na dawa za kupunguza uvimbe ndizo hatua za kwanza, na zipo dawa za kibaiolojia kwa wale ambao hatua hizo hazikuwatosha. Mweleze daktari kwamba umekuwa ukinyooshwa, maana uti ambao pingili zake zimeanza kuungana kwa ugonjwa huu huvunjika kwa urahisi. Shangazi naye amwambie daktari wake wa macho kuhusu mgongo wake, kwani jicho la namna hiyo huweza kuambatana na ugonjwa huu.