Muhimbili, Kairuki au Bugando: udaktari nisomee wapi?

Binti wa Mbagala

Shikamooni wakubwa. Matokeo ya kidato cha sita yametoka. PCB nimepata Division One ya pointi 7: Baiolojia B, Kemia B, Fizikia C. Nataka MD, yaani shahada ya udaktari, na hilo sijadiliani na mtu tangu nilipomuuguza bibi hospitali ya Temeke nikiwa darasa la sita. Shida ni chuo. Mama anataka nibaki Dar, Muhimbili au Kairuki. Mjomba yuko Mwanza, anasema niende Bugando nikae kwake bure. Baba ni seremala, kipato chake kinategemea oda. Mliopita huko naomba mnilinganishie.

Daktari wa Zamu

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mimi nimesoma Muhimbili, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Pale ndipo mafunzo ya udaktari nchini yalipoanzia, mwaka 1963, kabla hapajawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye, 2007, chuo kikuu kamili. Eneo la Upanga ukitoka darasani uko wodini. MOI ya mifupa iko humo humo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko humo humo. Magonjwa ambayo wengine wanayasoma kitabuni, wewe unamkuta mgonjwa wake kitandani. Ada ni ya chuo cha serikali.

Upande wa pili ni wingi. Mko wengi, na raundi ikianza asubuhi aliyesimama nyuma anasikia sauti tu, mgonjwa hamwoni. Mimi nilipona kwa kwenda usiku na Jumapili. Usiku daktari wa zamu anahitaji mkono wa kumsaidia, ndipo unapofundishwa kuweka kanula (kijimrija cha dripu mshipani), kushona, kupokea mtoto. Anayengoja kuitwa anamaliza miaka mitano bila mikono, yaani bila uzoefu wa vitendo.

Jambo jingine watu hawalisemi: hospitali ya taifa inapokea walioshindikana mikoani. Utamjua mgonjwa mgumu kabla hujamzoea yule wa kawaida mwenye malaria au nimonia. Kwa hiyo likizo nenda ukajifunze hospitali ya Temeke au Amana, hata kama hukupangiwa.

Mzazi Mikocheni

Mwanangu yuko Kairuki, mwaka wa tatu. Chuo kilianzishwa 1997 na Profesa Hubert Kairuki, na hospitali yake iko hapo hapo Mikocheni. Ninachokipenda ni kwamba walimu wanamjua kwa jina. Mwaka wa kwanza alipata sapu (mtihani wa marudio) ya anatomia, mwalimu akamwita, wakakaa naye, akavuka. Kwenye kundi kubwa sijui kama kuna ambaye angegundua mapema.

Ila binti, ada ya chuo binafsi ni mara kadhaa ya ile ya serikali. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unatolewa hata kwa wa vyuo binafsi, lakini usidhani utafunika yote. Kaeni na baba mpige hesabu ya miaka mitano, msiishie mwaka wa kwanza. Nimeona kijana mwenye akili akisimamishwa mtihani kwa sababu ya ada, mwaka wa nne. Nililia kama ni wangu.

Mlima Bugando

Namuunga mkono mjomba, lakini kwa sharti. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga, wote wanapanda kile kilima. Utaona kichocho kilichoharibu ini, utaona watoto wa selimundu kila zamu. Mikono utaipata.

Sharti lenyewe: chuo ni cha Kanisa Katoliki, ada yake ni ya binafsi. Chumba cha bure kwa mjomba kinakuondolea kodi na chakula, ada inabaki pale pale. Muulize mjomba wazi, kwa heshima, kama na ada atashika upande mmoja.

Kijana wa Kibamba

Mbona mnasahau Dodoma na Mbeya? UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ni ya serikali, wanafunzi wake wanaingia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mbeya kuna tawi la afya la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama hatapenda umbali, lakini ada itamtuliza.

Tabibu Mkongwe

Mimi nilianzia diploma ya utabibu, nikafanya kazi zahanati, ndipo nikaenda MD. Kwa matokeo yako huna haja ya kuzunguka huko.

Mpwa wa Ilala

Jina la chuo lina uzito. Ukisema Muhimbili, mwajiri anatega sikio.

Daktari wa Zamu

Ndugu yangu hapo sikubali. Anayesajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili ni ule ule. Mwaka wangu wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, tulitoka vyuo tofauti tukakutana wodi moja. Baada ya wiki mbili hakuna aliyeuliza nani katoka wapi. Wauguzi walikuwa wanajua tu nani anaamka akiitwa saa tisa usiku.

Binti wa Mbagala

Nimesoma yote, nimemsomea na baba. Alinyamaza kwenye ile ya kijana wa mwaka wa nne, kisha akasema tuanze na vyuo vya serikali. Nitaomba Muhimbili, Mbeya na Dodoma. Bugando nitaomba pia, lakini sithibitishi mpaka mjomba ajibu kuhusu ada na mkopo ujulikane. Kairuki naiacha kwa shingo upande.

Mzazi Mikocheni

Usiiache kwa uchungu, mwanangu. Kumbuka kila chuo unakiomba chenyewe, na vikikuchagua zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja tu. Na cheti chako cha kuzaliwa kipeleke RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kikahakikiwe wiki hii, Bodi ya Mikopo wanakitaka hivyo. Sisi tulichelewa hapo, bumu la kwanza, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likampita.

Binti wa Mbagala

Ahsante mama. Kesho asubuhi naanza na RITA.