Naomba ushauri: mtumbwi wa plaiwudi kwa maji ya kina kifupi, bonde la Kilombero

Mgeni Bondeni
Wakuu, salamu kwenu nyote. Ninatengeneza mtumbwi wa plaiwudi wenye sakafu bapa, urefu wa futi 16, kwa ajili ya kupita bondeni upande wa Ifakara, ambako masika yakikolea mashamba ya mpunga hugeuka ziwa na njia ya baiskeli hupotea kabisa. Magogo ya kuchonga mtumbwi yamekuwa adimu na ghali, nami si mchongaji. Kazi yangu ni useremala wa makabati na milango. Nimekwisha kununua plaiwudi mbili za milimita 6 na kuzikata. Sehemu kubwa ya njia maji hayavuki magoti, kwa hiyo sihitaji chombo cha ajabu. Ninaomba kujua mambo matatu tu: rangi ipi inazuia maji vizuri, ipakwe mara ngapi, na je, nitumie kafi au upondo (mti mrefu wa kusukumia chini ya maji)? Naomba majibu mapema, kwa sababu maji yanapanda na mama yangu yuko shambani, analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akilinda mpunga.

Fundi Msumeno
Ndugu, umeanza na rangi, na rangi ndiyo ya mwisho. Plaiwudi haizuiwi kulowa kwa rangi. Inategemea gundi iliyounganisha tabaka zake kiwandani. Ile ya kutengenezea makabati mara nyingi ina gundi isiyostahimili maji, na ikilowa na kukauka mara kadhaa hufumuka tabaka kwa tabaka hata ukiipaka rangi ya bei gani. Wala usidanganyike na zile mbao nyeusi au za kahawia zinazong'aa ambazo madukani huitwa marini bodi, kwa sababu hizo ni za kumwagia zege: gundi yake ni nzuri, lakini ubao wa milimita 18 una uzito wa zaidi ya kilo 30, na ule utando wa juu haushiki gundi mpaka uupige msasa wote. Chukua kipande cha ubao wako, kichemshe sufuriani kwa saa moja, ukikaushe, kisha ujaribu kukifumua kwa patasi. Tena utueleze: chombo kitabeba nini, na kitapita wapi hasa?

Bint Shela
Uzi huu umenikumbusha nyumbani Lamu. Kabla ya misumari kuzoeleka, mitepe, vyombo vyetu vya tanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mbao kwa mbao, na matundu yakazibwa, na vyombo hivyo vilibeba boriti za mikoko hadi mbali. Babu alikuwa akisema kwamba chombo kilichoshonwa hujikunja kidogo kinapogusa mchanga, ilhali cha misumari huvunjika. Kaka, mimi ningekushauri uachane na gundi kabisa ushone.

Fundi Msumeno
Dada Bint Shela, hujakosea sana. Mwaka 1963 Waingereza walitoa boti ndogo ya tanga iitwayo Mirror, iliyobuniwa ili mtu wa kawaida aijenge nyumbani: mbao za plaiwudi zilishonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa faibaglasi na resini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Tofauti ni kwamba kushona kule kulikuwa kwa kushikilia tu mpaka resini ikauke. Ndugu Mgeni akifuata njia hiyo, atumie epoksi, resini ya kuchanganya sehemu mbili, kama ataipata, kwa kuwa resini ya kawaida ya polista hushika mbao kwa udhaifu na baada ya muda hubanduka kama gamba.

Mcheshi wa Kidatu
Swali langu ni dogo: viboko wa Kilombero nao watalipa nauli, au wanapanda bure?

Mgeni Bondeni
Nashukuru kwa majibu, ingawa suala la rangi halijajibiwa. Kuhusu mzigo, ni mimi, mama yangu, na wakati wa kutoa mpunga gunia mbili kwa safari moja. Mbao hizi zimenunuliwa kwa mchango wa majirani watatu wenye mashamba jirani na la mama, ambao nao mizigo yao itavushwa, hivyo suala la kununua plaiwudi nyingine halipo. Fundi aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ni imara.

Dada Riziki
Mimi nimesoma nikasikitika. Mama mtu mzima analala kwenye dungu katikati ya maji, na mtoto wa kiume anauliza rangi! Mlete mama mjini apumzike, mpunga utalimwa na vijana. Sisi tulimhamisha mama yetu kutoka Mang'ula, akanung'unika mwanzoni, na sasa ana banda lake la kuku na hataki hata kusikia habari za jembe.

Mgeni Bondeni
Dada yangu, nakuheshimu, lakini humjui mama yangu. Kwelea kwelea wakishuka kwenye mpunga ulioanza kujaza punje, shamba lisilo na mtu huliwa kwa muda mfupi, na yeye hamwamini kibarua yeyote. Nimemsihi, ameniambia kwamba nikitaka aondoke nibebe na shamba.

Kasia la Ontario
Habari zenu kutoka Kanada. Miaka michache iliyopita nilijenga mtumbwi wa plaiwudi kwenye gereji ya nyumba niliyopanga. Badala ya waya nilitumia vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, nikajaza pembe zote za ndani kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, na mpaka leo hauvuji. Siri ni kingo za ubao: hapo ndipo nyuzi zimekatwa na kuachwa wazi, na hunywa maji kuliko uso wote, kwa hiyo zilisheni epoksi kabla ya kitu kingine chochote. Asubuhi ziwa likiwa tulivu, mtu unapiga kafi polepole na mawazo yote yanaisha. Mke wangu anasema nampenda mtumbwi kuliko yeye.

Mcheshi wa Kidatu
Mkuu wa Ontario, wewe unapiga kafi ili mawazo yaishe. Kwa Mgeni ndiko yanakoanzia.

Mzee wa Upondo
Nimekulia Malinyi na nimesukuma mitumbwi bondeni tangu utotoni, basi nivumilieni. Kijana, umesema kwamba sehemu kubwa ya njia maji hayavuki magoti. Nimekusoma mara mbili, na hujasema lolote kuhusu sehemu iliyobaki. Bonde lile si bwawa. Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi yote huleta maji yake Kilombero, na mto ukijaa hutoa mikono inayokatiza mashambani, ambayo juu inaonekana sawa na maji mengine, kumbe chini inakwenda kasi. Shamba la mama liko upande gani wa mkono?

Mgeni Bondeni
Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa najielekeza kwenye suala la ujenzi, ndiyo maana sikueleza njia yote. Ni kweli kwamba kabla ya kufika shambani kuna mkono mmoja wa mto. Si mpana, mtu akiita ng'ambo anasikika, ila maneno hayaeleweki vizuri. Upondo haugusi chini pale katikati. Lakini nasisitiza kwamba ni kipande kifupi sana cha safari, na majirani huvuka kila siku kwa mitumbwi ya magogo iliyochakaa kuliko huu wangu mpya. Mvushaji wa pale hutoza kwa kila gunia, tena huhesabu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kuwa gunia mbili, na ndiyo sababu ya mradi wote huu. Kuogelea sijui, lakini sina mpango wa kutoka ndani ya mtumbwi.

Mzee wa Upondo
Marahaba. Hakuna mtu ambaye amewahi kuwa na mpango huo.
Nikujibu sasa swali lako la kafi na upondo. Kwenye maji ya magoti tumia upondo, usimame nyuma, usukume taratibu, na upondo ukinasa kwenye tope uuachie, kwa maana wageni wengi huung'ang'ania, mtumbwi ukaenda zake wao wakabaki wananing'inia. Kwenye mkono tumia kafi, mkiwa wote mmekaa chini sakafuni, kamwe si juu ya magunia. Magharibi na alfajiri usipite, kwa kuwa viboko hutoka kula usiku na kurudi majini kunapokucha, na hawapendi kukuta kitu kati yao na kina. Mchana ukikaribia mkono, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, walioko chini waibuke uwaone walipo.
Lakini ushauri wangu wenyewe ni huu: mtumbwi wako uishie kando ya mkono, na pale umlipe mvushaji.

Fundi Msumeno
Nami niongeze hesabu. Sakafu ya sentimita 60 kwa futi 16, ikisinyaa kwenye ncha zote mbili, ina eneo la karibu mita za mraba 2, maana yake kila sentimita moja ya kuzama inabeba kama kilo 20. Weka watu wawili kilo 120, gunia mbili kilo 200 kabla ya hiyo lumbesa, na mtumbwi wenyewe kilo 40: tayari umezama sentimita 18. Kama ubavu ni sentimita 30, kilichobaki juu ya maji ni kimo cha kiganja kwenye maji yaendayo kasi. Beba gunia moja. Weka mataruma ya kutosha, yaani miti ya kukatiza sakafu kwa ndani, kwa sababu sakafu ya milimita 6 peke yake itapinda chini ya mzigo, na mbele na nyuma funga madumu matupu ya lita 20 yenye vizibo, ili ukijaa maji usizame.

Tomaso
Samahani wakuu, mimi naona tunachezewa. Plaiwudi ina urefu wa futi 8. Huyu ana plaiwudi mbili tu na anatuambia mtumbwi wa futi 16. Zingeunganishwa zote mbili zingetoa sakafu bila mbavu. Halafu angalieni simulizi inavyopangwa: kwanza maji ya magoti, kisha mama, kisha majirani waliochanga, kisha mkono wa mto, na mwisho hajui kuogelea. Kila ukurasa una msiba wake. Huyu ni mtunzi anayetafuta wasomaji, na hajaweka hata picha moja.

Dada Riziki
Hata mimi nilishangaa. Mama gani anakataa kutoka majini?

Bint Shela
Wapo, dada. Wangu hakutoka kisiwani mpaka alipozikwa.

Fundi Msumeno
Ndugu Tomaso, hesabu yako ya mbao si sahihi. Plaiwudi moja ikipasuliwa kwa urefu vipande vinne hutoa mbavu mbili za futi 16 baada ya kuungwa, zenye kimo cha sentimita 30. Ya pili ikipasuliwa viwili hutoa sakafu ya sentimita 60. Mitumbwi mingi ya plaiwudi hukatwa hivyo hivyo. Jambo la picha silisemei. Ila kuna swali ambalo mtunzi hawezi kulijibu: ndugu Mgeni, kila kipande kina ungio katikati. Uliunga vipi?

Mgeni Bondeni
Nimeumia kuitwa mwongo, lakini najibu. Nilikutanisha ncha kwa ncha, nikaweka kiraka cha plaiwudi hiyo hiyo upande wa ndani, upana wa sentimita 15, nikapaka gundi nyeupe ya maji, ile ile ninayotumia kwenye makabati, nikabana kwa skrubu fupi za chuma na kuacha usiku mzima chini ya matofali. Asubuhi nilijaribu kuvunja kwa goti, ikakataa. Simu yangu haina kamera nzuri.

Fundi Msumeno
Sasa ninaamini, na ningefurahi zaidi kama ungekuwa umetunga. Gundi nyeupe hulainika ikikaa majini, na skrubu za chuma zitaoza kwa kutu na kuacha matundu. Ungio la sakafu liko katikati kabisa, pale utakapoweka gunia. Fungua maungio yote matatu, ukwangue gundi hiyo, uunge upya kwa epoksi na viraka, kisha utepe wa faibaglasi ndani na nje.

Tomaso
Nakubali kuhusu mbao. Kuhusu mengine nasubiri picha.

Mgeni Bondeni
Fundi, nitaongeza utepe kwa nje bila kufungua, kwa kuwa mbavu nimekwisha kuzishona kwenye sakafu na nikifungua nitapoteza wiki. Kuhusu kuchemsha, nimefanya jana jioni kwa vipande vitatu vya mabaki. Viwili vilifumuka kabla sijashika patasi. Cha tatu kimebaki kizima, kwa hiyo si kwamba mbao zote ni mbovu.

Mzee wa Upondo
Hicho cha tatu kilikatwa kwenye ubao wa mbavu au wa sakafu?

Mgeni Bondeni
Mabaki nilikuwa nimeyachanganya, mzee wangu.

Fundi Msumeno
Basi kata vingine leo, kimoja kwenye ncha ya kila ubavu na kimoja kwenye ncha ya sakafu, uviandike kwa penseli kabla ya kuvitia sufuriani. Rangi usinunue bado.